Kwa nini ‘cough’ ni kof na ‘though’ ni dho: jibu kwa mwalimu wa Lindi

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja mkoani Lindi. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini ‘cough’ ina sauti ya f na ‘though’ haina, ilhali yote mawili yanaishia na ‘ough’. Nikamjibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo. Jibu hilo halijanitoka moyoni tangu siku hiyo. Isitoshe, nimerithi kamusi kuukuu ya Kiingereza ya marehemu babu, na humo nimekutana na ‘chough’, ‘clough’, ‘slough’, ‘sough’, ‘hough’, ‘doughty’ na ‘wrought’. Je, haya yote ni ukoo mmoja? Na yanasomwaje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, huyo mwanafunzi wako mtunze. Nikiwa darasa la sita nilisimamishwa nisome sentensi yenye neno ‘plough’. Wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa ‘cough’ na ‘rough’, basi nikasoma ‘plof’ kwa sauti kubwa, nikiwa na uhakika. Nilichapwa fimbo mbili za mkononi, nikaketi, na hakuna aliyenieleza kosa langu lilikuwa lipi. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma historia ya lugha, niligundua kwamba nilikuwa nimefikiri vizuri kabisa. Nilichokosa ni habari za miaka mia sita iliyopita, na mtoto wa darasa la sita angezipata wapi?

Nianze na jibu fupi, kisha tuingie ndani. Ndiyo, karibu maneno yote uliyoyataja ni ukoo mmoja, kwa maana kwamba zamani yote yalikuwa na sauti moja mahali pale palipoandikwa ‘gh’. Sauti hiyo wewe unaijua. Kama ulisoma chuoni, maalim alikufundisha kuitofautisha na h ya kawaida. Wetu alikuwa akituamuru tuweke vidole viwili kooni, tuseme ‘ha’, kisha tuseme ‘kha’, tusikie jinsi koo linavyokwaruza kwenye ile ya pili. Ni ile kha ya ‘sabalkheri’, ya ‘Khamisi’, ya ‘Sheikh’. Waingereza wa kale walikuwa nayo, na waliitumia kutwa.

Walisema ‘thurkh’ kwa neno ambalo leo ni ‘through’. Walisema ‘tookh’ kwa ‘tough’ na ‘bookh’ kwa ‘bough’, yaani tawi la mti. Sema hayo mawili ya mwisho kwa sauti: tookh, bookh. Ni vina kamili. Mshairi wa wakati ule angeweza kuyafunga pamoja mwishoni mwa mishororo bila kulaumiwa. Leo moja ni ‘taf’ na jingine ni ‘bau’, na anayesoma maandishi tu hawezi kujua ni nini kilichoyatenganisha. Kilichoyatenganisha ndicho alichokuwa anakiuliza mwanafunzi wako.

Kwanza, tuone herufi zenyewe zilitoka wapi. Alfabeti ya Kirumi haikuwa na herufi ya sauti ya kha. Waandishi wa Kiingereza cha kale waliiandika kwa h peke yake. Baadaye wakatumia pia herufi yao maalumu inayoitwa ‘yogh’, yenye umbo linalofanana na tarakimu 3. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa na Kilatini wakaanza kuiandika sauti hiyo kwa herufi mbili, ‘gh’, na taratibu mtindo huo ukashinda. Hatua hiyo sisi hatuna haki ya kuishangaa, kwa maana tulifanya hivyo hivyo. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu kilikuwa na kha na ghaini, kila moja na umbo lake. Kilipohamia kwenye herufi za Kirumi, ikabidi tuunganishe mbili mbili: ‘kh’ na ‘gh’. Hata neno ‘lugha’ limebeba herufi hizo tumboni.

Kwa hiyo ‘gh’ ya Kiingereza haikuwekwa kumtesa mtu. Iliwekwa kwa sababu ilisikika. Kisha mambo mawili yakatokea karibu wakati mmoja. William Caxton alifungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476, na wachapaji waliomfuata wakaanza kuyazoesha macho ya wasomaji tahajia fulani. Na katika karne hizo hizo, sauti ya kha ikaanza kuwatoka Waingereza wa kusini kinywani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1600, London hakuna aliyeitamka. Herufi zilikuwa zimeshagandishwa kwenye risasi za uchapaji, sauti ikawa imekwenda. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilipokuja kuweka mambo sawa, iliziweka sawa tahajia ambazo tayari zilikuwa za wafu.

Sauti inapoondoka kwenye lugha haiondoki kwa njia moja, na hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Kha ya Kiingereza ilikwenda kwa njia tatu, na bahati nzuri tunao ushahidi wa zote tatu ndani ya Kiswahili, kwa maneno tuliyoyakopa. Chukua plau, lile jembe la kukokotwa na ng’ombe. Ni ‘plough’, na mwishoni imebaki irabu tu, au. Chukua drafti, mchezo wa vizibo unaochezwa vibarazani kila jioni. Ni ‘draughts’, na gh yake imegeuka f. Chukua donati. Ni ‘doughnut’, na gh imepotea kabisa, imebaki o. Babu zetu na sisi wenyewe tuliandika tulichosikia, ndiyo maana hakuna mtoto wa Kitanzania anayeuliza ‘plau’ inasomwaje. Maneno hayo matatu yaandike ubaoni, Mwalimu, na pembeni yake uandike ya Kiingereza. Nimefanya hivyo mara nyingi mbele ya wanafunzi, na sijaona darasa lisiloinua vichwa.

Sasa, kha inageukaje f? Jaribu mwenyewe, hili huwezi kulielewa kwa kusoma tu. Tamka ‘kh’ huku midomo umeiviringa, kama mtu anayepuliza jiko la mkaa lishike moto. Utasikia pumzi inakwaruza mara mbili: kooni, na tena kati ya midomo. Irabu za o na u huviringa midomo, kwa hiyo kila kha iliyokuja nyuma yake ilitoka ikiwa na mvumo huo wa midomoni. Mtoto anayejifunza lugha kwa kusikia huchukua kile kinachosikika zaidi, na kilichosikika zaidi kilikuwa f. Ndivyo ‘tookh’ ilivyokuwa ‘taf’, ‘ruukh’ ikawa ‘raf’, na neno la kikohozi likawa ‘kof’.

Hapo kwenye kikohozi nitasimama kidogo, kwa maana ni neno ninalolipenda. Shina lake la kale ni ‘kokh’. Lisikilize: kokh. Ni kifua chenyewe kinachosema. Sasa sikiliza letu: kohoa, kohozi, kikohozi. Hakuna aliyemkopa mwenzake. Watu wa visiwa vile vya baridi na watu wa pwani hii waliisikiliza sauti ile ile ya kifua na kila mmoja akaiiga kwa alichokuwa nacho. Tofauti ni kwamba sisi bado tunakohoa kwa koo, na wao, kwa kutamka ‘kof’, wanakohoa kwa midomo.

Njia ya pili, ile ya plau, inahusu umoja na wingi. Katika Kiingereza cha kale kha ilitokea mwishoni mwa neno. Ukiongeza kiambishi, sauti ikajikuta katikati ya irabu mbili, ililegea ikawa karibu na gh yetu ya ‘ghali’, kisha ikalegea zaidi ikawa w. Tawi moja lilikuwa na kha. Matawi mengi yalikuwa na w. Kwa maneno kama ‘bough’ na ‘plough’, umbo lenye w ndilo lililoshinda, likavuta na umoja. Kisha yakaja mageuzi makubwa ya irabu za Kiingereza, kati ya miaka ya 1400 na 1700, ambayo yaligeuza uu ndefu kuwa au. Ndiyo mageuzi yaliyofanya ‘huus’ kuwa ‘haus’, yaani nyumba, na ‘muus’ kuwa ‘maus’, yaani panya. Hivyo ‘buu’ ikawa ‘bau’ na ‘pluu’ ikawa ‘plau’.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umo katika neno ‘enough’, yaani ‘ya kutosha’. Lilikuwa na umoja wenye kha, ambao leo ni ‘inaf’, na wingi wenye w, ulioandikwa ‘enow’ na kusomwa ‘inau’. Waandishi wa zamani waliyatumia yote mawili. Naamini ‘enow’ imo pia katika kamusi ya babu, imewekewa alama ya neno la kale. Hao ni ndugu wa tumbo moja, mmoja alichukua f na mwingine akachukua w.

Njia ya tatu ni kupotea bila kuacha kitu: ‘though’ ni ‘dho’, ‘dough’ ni ‘do’, ‘through’ ni ‘thruu’. Hata hapa mambo hayakuwa sawa nchi nzima. Kaskazini mwa Uingereza wapo waliosema ‘daf’ kwa unga uliokandwa, na matamshi hayo yakapata tahajia yake mwenyewe, ‘duff’, ambayo ni jina la kitafunwa cha kuchemshwa hadi leo. London ilikuwa mji wa watu wa kuja kutoka kila upande, kila mmoja na matamshi ya kwao, na mji ukachagua neno moja moja bila kufuata kanuni. Ukitaka kujua kwa nini ‘cough’ ilichukua f na ‘dough’ haikuchukua, jibu la kweli ni kwamba kila neno lilishinda au lilishindwa kivyake katika masoko ya mji ule.

Ila kuna kanuni moja imara sana, na nakusihi uifundishe. Pale ambapo baada ya ‘ough’ kuna t, f haipo kamwe. ‘Thought’, ‘bought’, ‘brought’, ‘sought’, ‘fought’, ‘nought’, ‘ought’: yote ni oo ndefu na t. Yanayopotoka ni mawili tu, ‘drought’ yaani ukame, inayosomwa ‘draut’, na ‘doughty’ ya kamusi yako, inayosomwa ‘dauti’. Mwanafunzi akishika hilo, theluthi nzuri ya hofu yake imekwisha.

Na anaweza pia kuelewa vile vitenzi vinavyomsumbua. Kwa nini ‘think’ iwe ‘thought’, na ‘seek’ iwe ‘sought’? Kwa sababu zamani sana, k ikikutana na t ililainika ikawa kha. ‘Seek’ ikiongezwa t ya wakati uliopita ikawa ‘sokhte’. Kwenye ‘think’ na ‘bring’ kulikuwa pia na n, ikamezwa njiani. Wajerumani bado wanasema ‘dachte’ na ‘brachte’, na ch yao ni ile ile kha. Msomaji wetu aliyeko Berlin au Hamburg anaisikia kila siku: ‘Nacht’ ni ‘night’, ‘Tochter’ ni ‘daughter’, na hata ‘durch’ ni ‘through’, ingawa ch ya hapo ni laini zaidi. Na huko Scotland, wazee wanaosema Kiskoti hawakuiacha: usiku kwao ni ‘nicht’, mwanga ni ‘licht’, na ziwa ni ‘loch’.

Sasa tuifungue kamusi ya babu.

‘Wrought’ inasomwa ‘root’, na w haitamkwi. Ni wakati uliopita wa zamani wa ‘work’, kufanya kazi. Kwanza ilikuwa ‘workhte’, kisha r na irabu zikabadilishana nafasi. Leo imebaki hasa katika jina la chuma cha kufuliwa, kile ambacho mhunzi hukipasha moto na kukigonga. Watu wengi, hata wenye Kiingereza chao, hudhani imetokana na kitenzi kingine chenye maana ya kuleta madhara, sivyo. Samuel Morse alipotuma ujumbe wa simu ya maandishi kutoka Washington kwenda Baltimore tarehe 24 Mei 1844, maneno aliyoyatuma yalitoka Hesabu 23:23 katika Biblia ya Kiingereza, na neno la mwisho lilikuwa hilo: ‘wrought’. Ndugu yake ni ‘wright’, ambaye maana yake ni fundi. Mjenzi wa majahazi ni ‘shipwright’, na mwandishi wa tamthilia ni ‘playwright’, yaani fundi wa michezo. Wanafunzi huiandika ‘playwrite’ wakidhani inahusu kuandika. Waambie ni fundi, kama fundi seremala, hawatakosea tena.

‘Doughty’ ni hodari, shupavu, mtu wa kutegemewa. Haina undugu wowote na unga uliokandwa, ijapokuwa herufi zinakudanganya. Jamaa yake wa Ujerumani ni ‘tüchtig’, mtu mwenye uwezo.

‘Sough’ ndilo neno zuri kuliko yote uliyoyataja. Linasomwa ‘sau’, na wengine husema ‘saf’, yote yanakubalika. Ni mvumo wa upepo unapopita kwenye miti. Wewe uliyeko Lindi huhitaji kamusi kulielewa. Nenda ufukweni alasiri ya kusi, simama chini ya mivinje, usikilize. Ule mlio mrefu usio na mwanzo wala mwisho, unaofanya mtu adhani mvua inakuja, ndio ‘sough’. Zamani, pale neno lilipokuwa na kha yake mwishoni, lilikuwa linaigiza upepo wenyewe. Naona ‘sau’ imepoteza kitu hapo.

‘Slough’ ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni tope zito, kinamasi, nalo ni ‘slau’. Marekani wengi husema ‘sluu’. John Bunyan alilitumia katika hadithi yake maarufu ya mwaka 1678, pale msafiri anapozama kwenye tope la kukata tamaa. Ni jina la mji pia, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na jamaa zetu wanaoishi huko hulitaja kila siku: ‘Slau’. La pili ni gamba la nyoka, na kitenzi chake ni kujivua gamba. Hilo ni ‘slaf’. Asili zao ni mbali mbali, kwa hiyo maana ndiyo inayokuamulia matamshi.

‘Clough’ ni bonde jembamba lenye kingo kali, neno la kaskazini mwa Uingereza, na linasomwa ‘klaf’. Ukikuta wavulana wamechoka darasani, waambie habari za Brian Clough, kocha aliyeiongoza Nottingham Forest kutwaa Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Jina lake ni Klaf, na maana yake ni bonde.

‘Chough’ ni ndege, husomwa ‘chaf’. Ni wa jamii ya kunguru, mweusi ti, ila mdomo na miguu ni myekundu kama pilipili iliyoiva. Jina lake lilianza kama kuiga mlio wake, unaokaribia ‘chiau’. Ni nembo ya Cornwall, ile ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Wa mwisho kati ya wale wa asili alikufa huko mwaka 1973, na watu wa Cornwall wakabaki na nembo isiyo na ndege. Mwaka 2001 wakaja wachache kwa hiari yao, na mwaka 2002 wakazaliana. Hapa Afrika Mashariki hatuna, lakini ukipanda milima ya Simien au Bale huko Ethiopia utamwona huyo huyo akiruka kando ya magenge.

‘Hough’ itakushangaza, kwa maana inasomwa ‘hok’. Ni kifundo cha mguu wa nyuma wa mnyama, na ni kitenzi pia: kukata mishipa ya mguu huo ili mnyama asiweze kukimbia. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 inalo katika Yoshua 11:6, pale Yoshua anapoamriwa kuwafanyia hivyo farasi wa adui. Hapa kha haikupotea wala haikugeuka f. Iliganda ikawa k, na tahajia mpya ikapatikana, ‘hock’. Jambo kama hilo linawapata wageni wanaposoma ‘lough’, neno la maziwa ya Ireland. Wenyeji husema ‘lokh’, Waingereza wengi husema ‘lok’. Lile kubwa kuliko yote ni Lough Neagh: gh ya kwanza hutamkwa, ya pili haitamkwi.

Ulisema ‘karibu’, utaniambia. Ni kweli, wamo wageni waliovaa sare ya ukoo. ‘Hiccough’, yaani kwikwi, inasomwa ‘hikap’, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu awali. Mtu fulani alidhani ni aina ya kikohozi akaiandika kwa ‘cough’, na kosa likashika. ‘Delight’, furaha, ilitoka Kifaransa bila gh yoyote, ikapachikwa kwa kufuata ‘light’. Na ‘furlough’, likizo ya askari, ilitoka Uholanzi katika miaka ya 1620 kama ‘verlof’. Ilikuwa na f halisi mwishoni. Waingereza wakaiandika kwa gh kwa kuwa gh kwao ilikuwa inasomeka f. Kisha wasomaji wa vizazi vilivyofuata, walioliona neno bila kulisikia, wakalisoma kama ‘though’: ‘falo’. Kwa hiyo f iliandikwa gh, na gh ikasomwa kama haipo. Wenzetu waliokuwa wakifanya kazi Uingereza mwaka 2020 walilijua neno hili vizuri sana, pale corona ilipofunga maduka na hoteli na serikali ikalipa sehemu ya mishahara ya watu waliowekwa nyumbani.

Nimeyaacha mawili ambayo hukuyataja, lakini siwezi kuyapita: ‘through’ na ‘thorough’. Moja ni ‘kupitia’, jingine ni ‘kwa ukamilifu’, na linasomwa ‘thara’. Asili yake ni neno moja. Lilipotamkwa kwa mkazo na kuongezwa irabu katikati likawa ‘thorough’, na maana yake ikawa kupita kitu chote hadi upande wa pili, yaani kukifanya kikamilifu. Njia ya kupitia ikaitwa ‘thoroughfare’. Sasa fikiria neno letu barabara. Ukiweka mkazo kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukiweka kwenye silabi ya pili, ni sawasawa, kwa ukamilifu: amefanya barabara. Lugha mbili zisizojuana, na zote zimekaza njia na ukamilifu katika herufi zile zile. Sisemi kuna undugu. Nasema mwanafunzi wako akiambiwa hivyo hatasahau ‘thorough’ maisha yake yote.

Kama atakuuliza kwa nini hawazitupi tu hizo herufi, mwambie walijaribu. Noah Webster katika kamusi yake ya Marekani ya mwaka 1828 aliandika ‘plow’, na Wamarekani wanaandika hivyo hadi leo. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza ofisi ya uchapaji ya serikali itumie tahajia 300 zilizorahisishwa, zikiwemo ‘thru’ na ‘tho’. Kabla mwaka haujaisha bunge lilikuwa limeikataa. Gazeti la Chicago Tribune liliandika ‘thru’ na ‘tho’ kuanzia miaka ya 1930, likaachana nazo mwaka 1975. Binafsi nafurahi hawakufaulu. Ningepoteza kazi ninayoipenda, na ‘cough’ ingekuwa imetengwa na ‘kohoa’ milele.

Sisi tulikwenda upande mwingine. Vitabu vya mwisho wa karne ya 19 viliandika ‘khabari’ na ‘khatari’. Baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928 na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, tahajia ilifuata vinywa vya wengi, nasi tukaandika ‘habari’ na ‘hatari’. Lakini gh tumeibakiza, na wewe unayefundisha watoto kutoka kila mkoa umeshawasikia wanaosema ‘luga’, ‘gali’ na ‘gafla’ huku wakiandika kwa usahihi kabisa. Herufi iko pale, sauti inaanza kuondoka. Huyo mwanafunzi wako ni wa kabila gani na anatamkaje ‘ghafla’, sijui. Lakini waulize darasa zima walitamke neno hilo mmoja mmoja, kabla hujaandika ‘cough’ na ‘though’ ubaoni. Swali lake litakuwa limegeuka kuwa lao.

Na wakimaliza, wape jina moja la mji wasome: Loughborough, kule Uingereza kwenye chuo kikuu kinachojulikana kwa michezo. Lina ‘ough’ mbili. Ya kwanza ni af, ya pili karibu haisikiki: ‘Lafbara’. Atakayelipata mara ya kwanza mpigieni makofi, na atakayesoma ‘Lofborof’ mpigieni pia, kwa kuwa amefuata kanuni aliyopewa.